Habari Zetu Hupikiwa Mbali

Tuanze na Kishishe, kijiji cha Rutshuru, mashariki mwa Kongo, kilichotufundisha kuhesabu upya. Mwisho wa Novemba 2022 watu waliuawa pale. Kinshasa ilianza na 50, ikapanda kupita 100, ikatua kwenye 272, na taifa likaambiwa liomboleze siku tatu. Waasi wa M23 wakasema raia waliokufa ni wanane tu, tena kwa risasi zilizopotea njia. Umoja wa Mataifa, katika uchunguzi wake wa awali, ukaja na 131, Kishishe na Bambo pamoja. Sisi wa Goma wenye jamaa Rutshuru tulikaa na redio tukihama stesheni moja hadi nyingine, na kila tulipohama maiti waliongezeka au walifufuka. Mwisho tulifanya tunavyofanya siku zote: tulimngoja mtu atoke huko kwa miguu, atutajie majina.

Hilo ndilo linalotuchosha. Vita hivi tunavijua, tumezaliwa ndani yake. Lakini habari zake zina mtindo mmoja, hata motari wa pikipiki wa pale Birere anaweza kukusomea taarifa ya jioni kabla haijaanza. Kinshasa inasema Rwanda imevamia. Kigali inakanusha. Kinshasa inaikanusha Kigali. Anafuata mchambuzi wa masuala ya Maziwa Makuu, ambaye yuko Nairobi au Brussels, na maziwa yenyewe aliyaona mara ya mwisho akiwa kwenye ndege. Kisha michezo. Wanatuambia huko ndiko kusikiliza pande zote mbili. Sisi tulio katikati ya hizo pande mbili, na ndio tunaozikwa, sijui tuko upande wa ngapi.

Chukua Mei 3, 2024. Mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa ndani Mugunga na Lac Vert, na wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kabla hata matanga hayajawekwa, hadithi mbili zilikuwa tayari. Serikali na Marekani zikasema mabomu yametoka kwenye ngome za M23 na jeshi la Rwanda. Kigali ikasema hayo ni upuuzi, watafutwe wapiganaji wanaoshirikiana na jeshi la Kongo. Haya. Mtu aliyelala chini ya turubai miezi na miezi huku mizinga ikinguruma hujua kwa sikio bomu linatoka mlima gani, lakini huyo hakuombwa maoni. Aliombwa asimame kando ya shimo, apigwe picha.

Na kuna nusu ya pili, ambayo redio za kwetu ziliimeza. Watu wa kambini walikuwa wamelalamika kitambo kwamba jeshi letu limesogeza mizinga yake karibu na mahema, inapiga kutoka pale kisha inaondoka, na majibu yakija yanawakuta watoto. Ukilisema hilo kwenye kipindi cha simu ulikuwa unakatwa, na mtaani unaitwa msaliti. Basi anayesikiliza Kinshasa hakusikia habari ya mizinga iliyosogezwa, na anayesikiliza Kigali hakusikia nyingine isipokuwa hiyo.

Tusidanganyane kwamba ubaya ni wa majirani peke yao. Agosti 30, 2023, hapahapa Goma, askari wa Walinzi wa Rais waliwafyatulia risasi waumini waliotaka kuandamana kuipinga MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani. Wakafa watu zaidi ya 50. Mkoa ulikuwa chini ya hali ya dharura tangu Mei 2021, gavana ni mwanajeshi, na kila mwenye mikrofoni alijua mpaka wa mdomo wake uko wapi. Siku ile ya kwanza ukweli ulitembea kwenye simu za watu, kwa picha zenye kutetemeka, huku taarifa rasmi ikiongelea hasa askari polisi aliyeuawa kwa mawe. Kweli aliuawa, na ni msiba. Lakini na wale wengine?

Upande wa pili nao una ufundi wake. Kwa vyombo vya Kigali, karibu kila Mhutu wa Masisi ni FDLR, yaani mwasi wa Kihutu kutoka Rwanda, mpaka athibitishe vinginevyo, na jeshi la Rwanda huku kwetu halipo kabisa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria mwaka 2024 kwamba askari wa Rwanda ndani ya Kongo ni kati ya 3,000 na 4,000. Februari 2025 Rais Kagame aliulizwa na CNN kama askari wake wako Kongo, akajibu kwamba hajui. Tulicheka, kicheko kile kisicho na furaha. Amiri jeshi mkuu hajui, na mama anayeuza sambaza kando ya ziwa anajua! Na huku kwetu kuna wanaojibu mchezo huo kwa mchezo mbaya zaidi: wanafungua ukurasa, wanaita kila Mtutsi adui, hata jirani ambaye babu yake kazikwa Masisi. Wakiambiwa huo ni uchochezi wanasema ni uzalendo.

Januari 2025 vita vikaingia mjini. Maji hakuna, courant hakuna, watu wakashuka ziwani na bidoni huku risasi zikilia. M23 wakatangaza mji wameshauchukua, Kinshasa ikawa inasema jeshi linaendelea kuulinda, nasi tuliolala chini ya vitanda tukawa tunapigiwa simu na ndugu wa Kinshasa wanatuuliza sisi wenyewe tuko mikononi mwa nani. Mwezi huohuo Al Jazeera ilisimamishwa nchini kwa siku 90 kwa sababu ilimhoji Bertrand Bisimwa wa M23. Stesheni ya taifa ya hapa Goma ikakamatwa na wenye bunduki wapya. Redio kadhaa za jamii mkoani ziliporwa au zikafungwa, na zilizobaki zikajifunza wimbo mwingine. Juzi zilikuwa zinasifu jeshi, leo zinasifu usafi wa barabara na usalama wa usiku. Hatuwalaumu sana watangazaji. Nao wana watoto.

Huko nje, kila nchi iliyotuma askari kutulinda ilitangaza vita vya askari wake. Afrika Kusini ililia watu wake 14, Malawi watatu, Tanzania wawili. Walistahili kuliliwa, walikufa kwenye ardhi yetu na hatuwasahau. Walipokelewa kwa heshima kwao, wakasomwa kwa majina. Wa kwetu walikuwa namba. Umoja wa Mataifa ulisema kwanza 900, siku mbili baadaye karibu 3,000, na kamera zikahamia kwingine kabla makaburi hayajafukiwa vizuri. Baada ya hapo benki zikawa zimefungwa miezi na miezi, mwalimu hapati mshahara, wenye vibanda vya pesa za simu wanajikatia wanachotaka. Hiyo nani aitangaze? Hakuna moshi.

Sasa hadithi ya madini. Hatukatai, migodi ya Rubaya ipo, coltan yake ni sehemu kubwa ya ile ya dunia, na M23 waliichukua mwaka 2024. Lakini jamani, kila makala inaanza na simu iliyo mkononi mwa msomaji! Msomaji anaona haya kidogo, anaguswa, anamaliza. Masisi watu walichinjana kwa ajili ya mashamba mwaka 1993, dunia haijaijua simu hiyo. Kuna ugomvi wa ardhi kati ya machifu, wafugaji na wakulima. Kuna sheria ya uraia ya 1981 iliyowafanya watu wengi wanaosema Kinyarwanda waamke wageni kwao. Kuna wakimbizi karibu milioni waliomiminika Goma Julai 1994. Mwaka huo ndipo ulimwengu ulipotugundua. Kamera zilijaa kipindupindu na mahema, na wenye mji, ambao miti na visima vyao viliisha, hawakuonekana hata pembeni ya picha. Tangu hapo tumekuwa mandhari: volkano kwa nyuma, mwanamke na mzigo kwa mbele.

Tegemeo letu lilikuwa redio za Kiswahili. BBC, Ujerumani, Okapi, na Sauti ya Amerika hadi iliponyamazishwa Machi 2025. Hizo angalau bibi anaelewa. Lakini nazo, zikipiga simu Goma, zinatafuta msemaji, tena msemaji wa kitu fulani: wa jeshi, wa waasi, wa shirika. Mwenye duka Majengo si msemaji wa kitu. Na ndugu zetu wa Nairobi, ambako mwanasiasa wa Kongo Corneille Nangaa alizindua hotelini muungano wake ulio na M23 ndani, Desemba 2023, waliripoti zaidi ugomvi wa mabalozi uliofuata kuliko muungano huo utatufanya nini sisi.

Desemba 4, 2025, marais wa Kongo na Rwanda walisimama Washington wakatia sahihi makubaliano ya amani. Desemba 10 M23 wakaingia Uvira. Picha ya sahihi ilikuwa ingali inazunguka kwenye simu wakati watu wa Uvira wanakimbilia Burundi na magodoro kichwani. Jamaa zetu wa huko walitupigia kutuuliza, kwa kuwa sisi tumetangulia, redio ipi inasema kweli. Tukawaambia wasikilize za Kinshasa, wasikilize za Kigali, kisha watafute unité wampigie mtu aliyeko kwenye mtaa wenyewe, na wafanye haraka kabla mtandao haujakatwa.