Ugumu Si Kumwongezea Adui Uhai

Nina neno kwa vijana wa huku Murera, upande wa Ruiru na Thika, wanaotaka kutunga michezo ya kompyuta. Mwaka 2015 Nairobi X ilikwisha onyesha kwamba Mkenya aweza. Lakini watungaji wengi, wakitaka mchezo uwe mgumu, humwongezea adui uhai tu: apigwe risasi 50 ndipo aanguke. Huo si ugumu, ni kuchosha watu.

Nyinyi wa pwani mwalijua bao. Kila mchezaji ana kete 32, fundi na mwanafunzi sawasawa. Fundi haongezewi hata moja. Akushinda kwa kuwa auona mtaji usiouona wewe. Na ukifungwa, wajua umefungiwa wapi.

Katika Pac-Man, mchezo wa Wajapani wa mwaka 1980, mna pepo wanne, kila mmoja na mwenendo wake: mmoja hukufuata nyuma, mwingine hukuotea mbele. Mtoto huzisoma tabia zao, akawahepa. Basi kwa anayeanza, adui apunguziwe mwendo, asipunguziwe akili. Mimi mwenyewe, kwa vidole hivi vyangu vizito, ningechagua kiwango hicho bila kuona haya.