Maonyesho ya kujitolea yaanze na mtunza hazina

Mei 1884 wachoraji wapatao 400, wengi wao wakiwa wamekataliwa na Salon, maonyesho makuu ya sanaa ya Paris, walifungua maonyesho yao wenyewe katika mabanda ya muda kwenye bustani ya Tuileries. Anayekumbukwa zaidi katika kundi hilo ni Georges Seurat, kijana wa miaka 24, ambaye picha yake ya waogaji wa Asnières, yenye upana wa mita tatu, ilitundikwa karibu na mahali pa kuuzia vinywaji. Kisichokumbukwa sana ni kwamba haikuchukua muda wanachama wakaanza kugombana kuhusu fedha. Hesabu za kamati hazikueleweka, mikutano ikawa ya makelele, na mwishowe Albert Dubois-Pillet, ofisa wa jeshi aliyechora katika saa zake za mapumziko, akasimamia uandishi wa katiba. Juni ya mwaka huohuo chama kipya kikathibitishwa kisheria: Société des Artistes Indépendants. Kipo hadi leo, na maonyesho yake bado yanafanyika Paris. Kwa maoni yangu, kimedumu kutokana na ule ugomvi wa fedha kuliko kutokana na vipaji vilivyopita humo, ingawa vipaji ndivyo vinavyoandikiwa vitabu.

Katiba ile ilisema mambo mawili makubwa. Hakutakuwa na jopo la kuchuja kazi, wala hakutakuwa na zawadi. Mwanachama aliyelipa ada alikuwa na haki ya kutundika, na umma ndio ungeamua. Sharti hilo husifiwa kama tangazo la uhuru wa msanii, na ni kweli. Lakini lilifanya pia kazi nyingine ambayo haitajwi. Mtu anayejitolea halipwi mshahara, kwa hiyo hutafuta malipo mahali pengine, na malipo matamu kuliko yote katika sanaa ni mamlaka ya kusema huyu aingie, yule abaki nje. Ukiyaondoa mamlaka hayo, kamati inabakiwa na kukodi ukumbi, kupokea ada, kuandika stakabadhi, kupigilia misumari na kufagia. Wapenda ukubwa hawana cha kugombania hapo. Wanabaki wale wanaotaka maonyesho yafanyike.

Ushahidi upo katika miaka ya mwanzo, ambayo haikuwa rahisi. Maonyesho ya kwanza ya chama, Desemba 1884, yalifanyika katika jengo la manispaa kwa ajili ya kuwasaidia waathirika wa kipindupindu, na yakaishia na hasara; ya pili hayakufunguliwa hadi 1886. Dubois-Pillet alibanwa na wakubwa wake jeshini, kisha akafariki mwaka 1890 akiwa mbali na Paris. Seurat, ambaye naye alikuwa akishughulika na utundikaji wa picha, alifariki Machi 1891 akiwa na miaka 31. Chama kinachotegemea moyo wa watu wawili watatu kingezikwa pamoja nao. Hiki kiliendelea, kwa kuwa kazi zao zilikuwa zimeandikwa kama nafasi ambazo mtu mwingine angeweza kuzishika. Paul Signac, aliyekuwa na miaka 20 tu chama kilipoanzishwa, alikuwa rais wake kuanzia 1908 hadi 1934.

Pingamizi la kwanza linajulikana: mlango ukiwa wazi kwa kila mtu, takataka nazo zitaingia. Zitaingia, ndiyo. Mwaka 1910 mwandishi Roland Dorgelès na wenzake walimfungia punda brashi mkiani, wakamwita dalali wa mahakama ashuhudie, kisha wakapeleka picha ile kwenye maonyesho kwa jina la mchoraji wa kubuni, Boronali. Ilipokelewa, ikatundikwa, na wahakiki wengine wakaijadili kwa uzito. Watu waliwacheka Indépendants sana, na mimi nakiri kisa kile kinachekesha. Lakini katika maonyesho hayohayo ya 1910 ilitundikwa picha ya mwisho kubwa ya Henri Rousseau, Le Rêve, ambayo leo ni mali ya jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York. Rousseau alikuwa mtoza ushuru wa mji, hakusomea uchoraji, na tangu alipoanza kuonyesha hapo mwaka 1886 magazeti yalimfanya kichekesho. Ni vigumu kuwaza jopo la mwaka huo wa 1886 ambalo lingempitisha. Chujio la kumzuia punda lingemzuia na yeye, na hasara ya pili ni kubwa mno kuliko aibu ya kwanza. Picha ya punda ilichukua nafasi ndogo ukutani kwa wiki chache, basi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka ndani. Wasio na jopo nao huchuja. Mwaka 1912 wachoraji wa mtindo wa kubizimu waliokuwa na sauti katika utundikaji walimfanya Marcel Duchamp aondoe picha yake ya mwanamke anayeshuka ngazi. Miaka mitano baadaye, New York, chama kilichoiga kile cha Paris kiliahidi kumpokea kila atakayelipa dola sita, kisha bodi yake ikapiga kura na kuukataa mkojoleo wa kauri uliotiwa saini ya R. Mutt. Duchamp, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi na ndiye aliyekuwa nyuma ya jina hilo, akajiuzulu. Hata kupanga ni aina ya kuchagua: mwaka 1911 wanakubizimu walijipangia chumba kimoja Paris, na bila ujanja huo pengine wasingeonekana katikati ya maelfu ya picha. Hapo nakubali kwamba usawa kamili haupatikani. Ila tazama tofauti. Duchamp aliweza kuwaaibisha wenzake kwa sababu ahadi yao ilikuwa imeandikwa. Jopo linalokukataa kwa siri halina ahadi ya kuvunja.

Haya yanatuhusu sisi pia. Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa kumbi nyingi za maonyesho zimo mikononi mwa vituo vya utamaduni vya kigeni, wafadhili na wauzaji wa sanaa, na haki ya kuchagua huja pamoja na ufunguo wa ukumbi. Wasanii wa mtaani huambiwa kwamba bila uteuzi hakuna atakayewapa mahali. Indépendants nao hawakuwa na jengo. Walianzia kwenye mabanda na majengo ya umma. Tofauti ni kwamba waliomba kuta peke yake, hawakuomba wachaguliwe. Halmashauri yenye ukumbi unaokaa mtupu Jumamosi na Jumapili haihitaji kuielewa sanaa ili ijibu ombi la namna hiyo. Inahitaji kuona katiba, hesabu za mapato na matumizi za mwaka uliopita, na jina la mtu atakayerudisha funguo Jumatatu asubuhi.