Makerere na Funzo Lake kwa Visiwa Vyetu

Mwaka 1922 Makerere ilianza mjini Kampala ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu, waliofundishwa useremala, ujenzi na mitambo. Chuo kikuu kinachojitegemea ilikuja kuwa mwaka 1970. Humo walisoma Julius Nyerere, Milton Obote, Mwai Kibaki, Benjamin Mkapa na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Moto wa mwaka 2020 uliunguza jengo lake kuu, wala haukuiunguza sifa hiyo.

Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kingali kichanga. Wakuu wa Serikali wasikipime kwa fahari ya majengo. Hawana budi kukipatia kwanza walimu na vitabu. Haba na haba hujaza kibaba.