Basibasi si ya Wapwani peke yao

Mwandishi mmoja wa mapishi anadai kwamba basibasi ni kungumanga iliyopandishwa bei, tena mambo ya Wapwani; sisi wa Machakos tutosheke na chumvi na kitunguu. Ni kweli, vyote hutoka katika tunda moja. Ila kungumanga ni kokwa, na basibasi ni utando mwekundu unaoizunguka, wenye harufu laini zaidi. Robo kijiko kwenye kilo ya unga wa mandazi inatosha. Ukizidisha, utaonja uchungu. Na huo Upwani? Mti wenyewe asili yake ni visiwa vya Banda, Indonesia. Zanzibar iliupokea tu, kama Ukambani ilivyopokea mahindi ya muthokoi kutoka bara la Amerika. Nunua basibasi nzima, usage mwenyewe. Iliyosagwa zamani haina harufu.