Nendeni kwa Wadukuzi

Kila mwaka, kiangazi kikiwa kimepamba moto, maelfu ya watu hukusanyika Las Vegas, Marekani, kufungua vitu vilivyofungwa: kufuli, simu, magari, mitambo ya serikali. Mkutano wao unaitwa DEF CON. Nasema bila kupepesa macho: Kenya ipeleke watu huko. Na si vijana wa kompyuta peke yao. Waende makamishna wa uchaguzi, wabunge, mahakimu na wanahabari.

“Ati twende kukaa na wezi?” Hebu tuelewane. Jeff Moss alianzisha mkutano huu mwaka 1993, ukiwa na watu kama mia moja hivi. Makachero nao wakawa wanakuja kuchungulia, na wadukuzi wakaligeuza jambo hilo kuwa mchezo: mtambue kachero, upewe fulana. Mwaka 2009, Moss huyohuyo aliingia katika baraza la washauri wa Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani. Serikali ilikuwa imeng’amua kwamba ukitaka kujua kama mlango umefungwa sawasawa, muulize anayejua kuufungua.

Sababu yangu kubwa ni mwaka 2017. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, DEF CON ilitenga ukumbi na kuujaza vifaa vya uchaguzi zaidi ya 25, vikiwemo mashine za kupigia kura zilizotumika Marekani. Yeyote aliruhusiwa kuvishika na kuvifungua. Mashine moja iliingiliwa kwa mawimbi ya Wi-Fi, mtu hata hajaigusa. Mkutano ulipokwisha, kila kifaa kilikuwa kimepenywa kwa njia moja au nyingine. Septemba, jimbo la Virginia likapiga marufuku mashine zake zisizoacha karatasi, ilhali uchaguzi wa jimbo ulikuwa Novemba. Kura zikapigwa kwa karatasi.

Sasa geuza macho huku kwetu. Siku chache tu baada ya mkutano huo, tarehe 8 Agosti, Wakenya walipiga kura. Tukaambiwa mitambo ni salama, tuiamini. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji waliamuru seva zikaguliwe, na tume haikutii amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba uchaguzi wa urais ukafutwa. Kule mashine ziliwekwa mezani, zikaaibika, zikaondolewa. Hapa tulibaki kurushiana maneno kuhusu vifaranga vya kompyuta, na watu walikufa katika ghasia za msimu ule. Sisemi seva zilikuwa na wizi. Nasema kitu kisichokubali kufunguliwa mbele ya watu hakina haki ya kuniomba imani.

Kuna watakaosema kwamba ukumbi wa hoteli si kituo cha kura. Kituoni kuna mawakala na polisi. Wasimamizi wa uchaguzi wa Marekani walilalama hivyohivyo mwaka 2018. Hoja ina uzito kiasi. Lakini fundi akikuonyesha kuwa kufuli lako linafunguka kwa waya, utamjibu kwamba nyumbani una mbwa? Badilisha kufuli, bwana!

Sisi tumezoea kumkamata fundi. Sheria yetu ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia kwenye mtambo bila idhini. Kwamba ulitaka kusaidia, hayo utajielezea mbele ya hakimu. Mimi niliwahi kuiandikia kampuni moja kuiarifu kwamba orodha ya wateja wake ilikuwa wazi kwenye tovuti, kila mpita njia akiiona. Aliyenijibu alikuwa wakili. Rafiki zangu waliposikia, walinipa ushauri mmoja: ukiona, nyamaza. Taifa zima linalipa gharama ya ushauri huo.

Najua safari ni ghali, na viza ni kisanga. Najua pia kwamba hotuba nyingi huwekwa mtandaoni bure. Zitazame, zinafaa. Ila video haitakuweka kando ya mashine iliyofunguliwa tumbo, ukaambiwa shika bisibisi, jaribu mwenyewe. Wala haitakusimamisha mbele ya Ukuta wa Kondoo, pale yanapoonyeshwa majina ya waliotuma nywila zao ovyo kwenye mtandao wa mkutano. Hakuna mheshimiwa hapo. Nataka kamishna wetu asimame pale na kuwaza: je, lingekuwa langu?

Kisha arudi, afanye hivyo nyumbani. Si kwamba hatuwezi. Mwaka 2022 tume iliweka fomu za 34A hadharani, na mwenye simu na subira akajijumlishia mwenyewe. Sasa songeni hatua moja mbele. Kabla ya Agosti 2027, leteni vile vifaa vya KIEMS kwenye ukumbi wa chuo kikuu chochote, waiteni vijana wetu, wekeni bisibisi mezani. Vikishinda, tutalala usingizi. Vikishindwa, heri vishindwe Machi kuliko Agosti.