Ukubwa wa Stesheni Si Wingi wa Mizigo

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi kwa watu wanaopenda kutazama treni za mizigo, hakuna inayopotosha kuliko ile inayodai kwamba stesheni bora ni ile kubwa, yenye jengo la kuvutia, abiria wengi na jina linalojulikana. Katika mkoa wa Singida imani hiyo humpeleka mtazamaji moja kwa moja mjini Singida, kwa kuwa ndiko makao makuu ya mkoa yaliko. Hilo ni kosa, kwa sababu linaipima stesheni kwa kipimo cha abiria, ilhali mzigo hauhitaji ukumbi wa kupumzikia wala haujali cheo cha mji. Stesheni ya kutazamia treni ya mizigo haina budi kupimwa kwa kazi ambayo treni inalazimika kuifanya mahali hapo.

Historia yenyewe inaikana imani hiyo. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, haikupita Singida mjini, bali ilikata kusini mwa mkoa kupitia Kintinku, Saranda, Manyoni na Itigi. Njia hiyo ndiyo inayobeba shehena ya kwenda Tabora, Kigoma, Mwanza na bandari kavu ya Isaka, yaani kituo cha bara ambako makontena hupokelewa na kushughulikiwa kama bandarini. Singida mjini ni mwisho wa tawi la kilomita zipatazo 115 kutoka Manyoni, na shehena ya kupita haina sababu ya kufika huko. Tawi la awali, lililojengwa miaka ya 1930 kuelekea Kinyangiri, liling'olewa katika muongo uliofuata, jambo linalothibitisha kwamba reli huishi kwa mzigo, si kwa heshima ya mahali inakoishia.

Anayetaka kuijua treni ya mizigo na aende Saranda. Kutoka tambarare ya Bahi hadi Manyoni reli hupanda zaidi ya mita 300, na sehemu ngumu ya safari hiyo ni ukingo wa Bonde la Ufa, ambao njia huanza kuukabili baada ya stesheni hiyo ndogo. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 100, ambao mtembea kwa miguu hausikii, huiongezea injini mzigo wa takriban kilo 10 kwa kila tani 1, kiasi kinachozidi mara kadhaa nguvu inayohitajika kuivuta tani hiyo hiyo kwenye tambarare. Ndiyo maana hapo injini haiwezi kuficha kitu. Inapoondoka, kichwa cha treni hukaza kiungo cha behewa la kwanza, kisha la pili, na mlio wa vyuma hukimbia kuelekea mkiani kabla behewa la mwisho halijatikisika. Magurudumu yakianza kuteleza, mchanga hutiririshwa kupitia vibomba vilivyo mbele yake ili yashike reli. Tukio hilo linamfundisha mtazamaji uzito wa shehena kuliko jengo lolote la stesheni.

Ya pili kwa ubora baada ya Saranda ni Itigi, na sababu yake ni tofauti. Njia ya zamani, yenye upana wa mita 1 kati ya reli na reli, ni moja tu, kwa hiyo treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana isipokuwa kwenye stesheni yenye njia ya pembeni, kama Itigi. Treni inayosubiri mwenzake husimama, na kwa kusimama humpa mtazamaji nafasi ya kuhesabu mabehewa, kutofautisha tangi la mafuta na behewa la makontena, na kutambua mzigo unakwenda au unarudi. Manyoni nayo ina thamani, lakini thamani hiyo inatokana na kupangwa kwa mabehewa ya tawi, si na ukubwa wa mji.

Wapo watakaosema kwamba reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, imefuta hoja hii. Haijaifuta. Reli hiyo ya umeme imejengwa ili treni ipite haraka bila kuhangaika na vilima, tena imezungushiwa uzio. Hayo ni mafanikio kwa msafirishaji, lakini si hoja ya kumpa mtazamaji nafasi bora.

Mwenye kuchagua vizuri huzingatia pia jua, kwa kuwa kati ya Manyoni na Itigi njia huelekea magharibi, na mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, hivyo upande huo wa reli ndio unaofaa kusimama. Mwezi Desemba hali hugeuka. Mtazamaji huyo humwomba stesheni masta ruhusa, wala hakanyagi mataruma. Ratiba ya abiria haimsaidii. Kinachomsaidia ni kuuliza swali moja kabla ya kufunga safari: treni ikifika hapa, itafanya kazi gani? Stesheni isiyo na jibu la swali hilo, hata ikiwa na jengo zuri kiasi gani, inawafaa abiria peke yao.