Fowili Iliyoshushwa Haipandi Kwai

Na Zuberi Shemhina

Mwenye Subaru Impreza au Legacy ya fowili anayeishi Kwai, Magamba au Lukozi, huku Lushoto, akitaka kuifunga springi fupi ili bodi ilalie tairi, ajiulize kwanza alilipia nini alipoagiza gari hilo. Fowili ina gharama. Kuna propela shafti inayopeleka nguvu nyuma, difu ya pili, ekseli mbili za ziada, uzito zaidi na mafuta zaidi kwa kila kilomita. Gharama yote hiyo ni kwa ajili ya jambo moja, kwamba magurudumu manne yashike ardhi na yote yasukume. Gurudumu lisilogusa ardhi halisukumi chochote, na kinacholiweka gurudumu ardhini si injini wala gia boksi, ni springi na shokapu. Ndiyo maana nasema springi fupi kwenye gari la fowili, kwa barabara zetu za milimani, zinaondoa kilekile alicholipia mwenye gari.

Tazama kinachotokea kwenye mpando wa udongo mwekundu mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea. Fuso zilizopakia kabichi na viazi zimekwisha kupita na kuchimba njia mbili za tairi, na katikati umebaki mgongo wa udongo. Gari dogo haliwezi kukaa sawasawa katika alama za Fuso, hivyo hupanda na kushuka, tairi hili shimoni na lile mgongoni. Springi ya kiwandani ina nafasi ya kurefuka, kwa hiyo tairi lililoko shimoni hufuata ardhi hadi chini. Springi fupi ni ngumu, kwa kuwa imebaki na nafasi ndogo ya kubonyea na isipokuwa ngumu itagonga mwisho kila mara, tena haina urefu wa kulisindikiza tairi shimoni. Tairi linaning'inia. Hapo difu ya kawaida isiyo na kufuli huelekeza mzunguko kwenye gurudumu jepesi, yaani hilohilo lililo hewani. Likining'inia moja la mbele kushoto na jingine la nyuma kulia, gari la fowili linasimama likinguruma, magurudumu mawili yakirusha tope na mawili yakiwa yametulia. Magari mapya zaidi yana mfumo unaobana breki ya gurudumu linalozunguka bure ili nguvu ihamie upande wa pili, na unasaidia kweli. Hausaidii lolote tumbo la gari likishakalia mgongo wa udongo.

Na tumbo litakalia, kwa sababu hesabu yenyewe haina siri. Impreza nyingi za kawaida zina nafasi ya milimita 150 hivi kati ya tumbo na ardhi, na Forester za zamani zina 200. Seti ya springi fupi hushusha gari kwa milimita 30 au 40. Weka abiria wanne na magunia mawili nyuma, gari litazama tena. Kinachobaki chini ya sampu ya oili kinakaribia upana wa kiganja, na mgongo ulioachwa na Fuso unaweza kuzidi hapo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo. Anayekata springi kwa grainda ana hali mbaya zaidi. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake, inaweza kuchomoka gari likiruka, na shokapu ya urefu wa kiwandani inafanya kazi ikiwa imebanwa muda wote mpaka ianze kuvuja.

Hoja ninayokutana nayo mara nyingi ni ya Ulaya na Kanada: huko kuna theluji, inateleza kuliko tope letu, na watu wanaendesha fowili zilizoshushwa msimu mzima. Ni kweli wanaendesha. Lakini wanaendesha nyuma ya mitambo inayokwangua theluji, na juu ya tairi za baridi. Sweden, kwa mfano, sheria inataka tairi za baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara ikiwa na barafu au theluji. Mahali ambapo mtambo haujapita, gari lililoshushwa hufanya kazi ya mtambo: bampa inasukuma theluji, theluji inajazana chini ya tumbo, magurudumu yanapungukiwa uzito na gari linakwama. Hilo ndilo tope la Lukozi kwa rangi nyeupe. Tofauti ni kwamba huku hakuna mtambo unaopita alfajiri kutusafishia, na tairi nyingi tunazopandia ni vipara.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa Subaru wenyewe. Mwaka 1997 Impreza ya mashindano ilishinda Monte Carlo, kwenye lami na barafu za milima ya Ufaransa, ikiendeshwa na Piero Liatti. Machi mwaka huohuo aina hiyohiyo ya gari ilishinda Safari Rally nchini Kenya, ikiendeshwa na Colin McRae. Ya Kenya iliinuliwa, ikafungwa shokapu zenye safari ndefu na kukingwa tumbo kwa bamba. Wahandisi wenye fedha na vipimo vyote duniani, wakiwa na fowili bora kuliko yoyote tutakayomiliki, hawakuthubutu kuleta gari la chini kwenye udongo wa Afrika Mashariki.

Kuna wanaosema wao ni watu wa lami, Mombo hadi Lushoto, kilomita zipatazo 33 za kona tupu, na gari la chini hulala kidogo kwenye kona. Nakubali hilo, uzito ukikaa chini gari hutulia. Anayebaki kwenye lami, akafunga seti iliyotengenezwa kwa gari lake pamoja na shokapu zinazolingana nayo, na akashusha kidogo tu, sina ugomvi naye. Ila njia ile haihitaji mwendo wa kona. Inahitaji breki nzima, tairi zenye meno na dereva anayeshuka kwa gia nzito. Mvua kubwa ikinyesha ngema humwaga mawe na udongo barabarani, na huyo mtu wa lami hugeuka mtu wa udongo bila kupenda. Matuta ya barabara kuu kule chini sihitaji kuyataja.

Wengine wananiambia gari ni lao na fedha ni zao. Barabara si yao. Njia ya kuingia vijijini Kwai haina pa kupishana kila mahali; gari moja lililokalia tumbo katikati ya mpando linazuia karoti zinazokimbilia soko la Dar es Salaam, na linamzuia mama anayepelekwa kujifungua Lushoto mjini. Mkulima ambaye mzigo wake umelala njiani usiku kucha hana wa kumdai.

Aliyekwisha kushusha arudishe springi za zamani kama fundi hajaziuza. Kama zimepotea, springi na shokapu za Forester ya kizazi kilekile mara nyingi huingia kwenye Impreza kwa marekebisho madogo, na ni bora kuliko kurundika spesa nene, kwa kuwa gari likiinuliwa kupita kiasi ekseli hukaa mshazari, jointi zinakufa mapema na gari linayumba kwenye zile kona za Mombo hadi Lushoto. Kazi ikiisha apime alaimenti, maana kimo kikibadilika tairi huinama na kuliwa upande mmoja, kisha aingie chini mwenyewe na tochi atazame raba za jointi kama zimechanika. Tope likiingia humo, masika hayaishi jointi haijaanza kulia.